Pole ya Malachy Trainor

Watu wa Drumkeel, mji wetu mdogo wa mpakani, ukiwaonyesha filamu watakuambia kila kitu isipokuwa kile ulichowauliza. Dympna Gormley alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyekuwa akiwaonyesha. Kutwa alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, akiwapa watu vidonge vyao na kusikiliza habari za magoti yao. Jumamosi moja kila mwezi, alasiri, alifungua ukumbi wa zamani wa soko, akachemsha maji ya chai, na Mervyn Bustard akawasha projekta yake ambayo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Mervyn alikuwa mkulima mstaafu, Mprotestanti, mwenye masikio makubwa na ulimi wa uchokozi. Dympna alikuwa Mkatoliki. Wakatoliki walikaa upande wa mlango, Waprotestanti upande wa dirisha, na hakuna aliyewahi kuwapangia.

"Nyie mnapenda kukaa karibu na pa kutorokea," Mervyn alimwambia siku moja.

"Na nyie mkishakalia pazuri hamwondoki," Dympna akamjibu, na wakacheka wote wawili, maana utani wa namna hiyo unaruhusiwa kwa mtu uliyemzoea tu.

Basi ilipoonyeshwa filamu ya Kifini, ya baba na mwanawe wanaovua samaki kwenye barafu bila kusemeshana, mama mmoja alidhani sauti imeharibika. Jirani yake alilia machozi, akasema yule baba ni mume wake hasa. Ilipokuja ile ya mpishi wa Kifaransa, nusu ya ukumbi ilikwenda moja kwa moja kununua chipsi, na nusu nyingine ikabaki kulalamika kwamba mwanamke yule hakunawa mikono hata mara moja. Ndivyo walivyo. Ni Malachy Trainor peke yake aliyekuwa na jibu moja kwa filamu zote: "Si mbaya." Huyu Malachy alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mkewe amefariki, mpole mpaka unamwonea huruma. Alifika kabla ya wote akamsaidia Dympna kupanga viti, na watu wakishaondoka alibaki kuvirudisha ukutani. Hakukosa mwezi hata mmoja.

Sasa la Fintan lazima nilitaje, maana bila hilo hutaelewa kwa nini Oktoba ile Dympna alimwaga vidonge vya watu sakafuni.

Fintan alikuwa kaka yake. Dympna akiwa bado msichana wa shule, miaka ile ya mabomu, Wakatoliki na Waprotestanti wakiuana, Fintan alitoka jioni moja kwenda dansi na hakurudi. Waliomchukua hawakuwa askari, wala hawakuwa Waprotestanti. Walikuwa wenye bunduki wa upande wao wenyewe, vijana waliokuwa wakipiga magoti nao kanisa moja, na walisema Fintan anapeleka maneno polisi. Wiki iliyofuata wanaume wawili walikuja wakamwambia mama yao, Bridie, kwamba kijana amekwenda Uingereza na asitafutwe. Bridie akalishika neno hilo akaling'ang'ania. Mji mzima nao ukalishika. Hata leo mtu akikutana na Dympna barabarani huuliza, "Fintan hajaandika bado?" Na Dympna hujibu, "Bado."

Lakini vijana wengine waliopotea vile walikuwa wameanza kupatikana, mmoja mmoja, mifupa yao ndani ya vinamasi vya ng'ambo ya mpaka. Kulikuwa na tume ya kupokea habari. Mtu alipiga simu bila kutaja jina, akasema chimbeni mahali fulani, wakachimba. Kwa Fintan hakuna aliyepiga. Bridie alikuwa amepita miaka themanini na moyo wake ulikuwa unachoka. Dympna hakutaka kisasi wala kesi. Alitaka mifupa ya kaka yake, aizike kabla hajamzika mama yake. Hicho tu.

Ndipo akasikia habari za filamu iliyotengenezwa na binti mmoja wa Derry. Ilikuwa hadithi ya mama anayemtafuta mwanawe, na ya padre aliyeambiwa yote katika kitubio, naye kwa sheria ya kitubio hawezi kufungua mdomo. Padre anamwambia muuaji, "Mungu amekusamehe. Sasa mwendee mama yake." Muuaji haendi. Dympna aliitazama peke yake jikoni, akaifunga kompyuta, akajiambia: nikiionyesha hii, mle ukumbini ataketi mtu anayejua.

"Usiionyeshe," mama yake alimwambia. "Nakuomba, mwanangu. Kuna watu wataudhika."

"Watu gani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Unawauzia dawa wewe!"

Ni kweli aliwauzia. Jumatatu iliyofuata aliingia Pius Rafferty, jitu lenye shingo ya fahali, ambaye zamani alikuwa na kazi fulani na hakuna aliyethubutu kuitaja. Alikuja kuchukua vidonge vyake vya presha.

"Nasikia mna filamu," akasema.

"Tunayo kila mwezi, Pius."

"Ya mwezi huu." Akakizungusha kichupa cha vidonge mkononi taratibu. "Ukumbi ule una vioo vingi sana, Dympna. Vioo ni ghali siku hizi." Akamtakia siku njema, akatoka.

Dympna alikwenda stoo akaketi juu ya maboksi ya nepi. Aliogopa, tena aliogopa hasa. Tangu siku hiyo hakupata usingizi mzuri. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya nyumba yao alilisikiliza mpaka lipite. Alimweleza Mervyn habari za vioo, na Mervyn akakuna sikio lake kubwa kwa muda mrefu.

"Tuiache?" akauliza.

"Hapana. Tuionyeshe."

"Haya. Basi mimi nitakaa karibu na ndoo ya maji, wasije wakatuchoma. Lakini Dympna, binti yangu, ikipasuka hata bilauri nitapiga ukelele utakaosikika Belfast."

Siku ilipofika ukumbi ulijaa pomoni. Watu ambao hawajawahi kuja walikuja, wakaketi pande zao zile zile, makoti hawakuvua. Pius Rafferty aliingia akachukua kiti cha mbele kabisa, na hakuna aliyekaa karibu naye. Malachy alikuwa amekwisha kupanga viti, akaketi mahali pake pa kila mwezi, mwisho wa safu, karibu na mlango.

Dympna hakuitazama filamu. Alisimama nyuma kabisa akawatazama watu visogoni, safu kwa safu, akijiuliza, ni huyu? Ni yule? Mama wa kwenye filamu alipoanza kwenda nyumba kwa nyumba akiulizia, kikohozi kilizuka upande wa mlango, kikahamia dirishani, kikarudi. Padre alipoingia kitubioni mwanamke mmoja alisimama akatoka, visigino vyake vikigonga sakafu ko, ko, ko, mpaka nje. Kila sauti ilimshtua Dympna. Aliyatazama madirisha, akamtazama Pius. Pius alikuwa ameinamisha kichwa kifuani, na baada ya kitambo ukatoka mkoromo mzito. Mungu wangu! Jitu lilikuwa linakoroma.

Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Mervyn aliwasha taa, na watu wakaifuata chai haraka haraka, na midomo ikafunguka.

"Wamemwonea padre," alisema mzee mmoja wa upande wa mlango. "Kila filamu siku hizi lazima padre awe ndiye mbaya."

"Na wetu je?" akajibu mama mmoja wa upande wa dirisha, kikombe kikigonga sahani. "Kaka yangu walimpiga risasi langoni kwake akienda kukamua ng'ombe. Filamu yake iko wapi?"

"Mimi nimelia," alisema kijana wa duka la nyama, kisha akaona haya.

"Sweta ya yule mama haikuwa ya miaka ile. Nilikuwa nayo mimi, najua."

"Mambo ya kufukua ya nini? Tumeshatulia."

"Wewe ndiye uliyetulia."

Pius aliamka, akala keki mbili, akatangaza kwamba filamu haina maana na yule padre ni mwigizaji mbovu. Akaenda zake. Vioo vyote vilikuwa vizima. Dympna alimtazama akivuka barabara na keki ya tatu mfukoni, akahisi mori kwa woga wote aliompa bure.

Alisimama mlangoni kuwaaga watu kama kawaida yake. Walipita mmoja mmoja. "Asante, Dympna." "Mwezi ujao tuletee ya kuchekesha." Mervyn alikuwa akikunja nyaya zake, amesema neno moja tu: "Nzuri. Sitaki kuiona tena maishani." Mwisho akaja Malachy Trainor. Dympna alingoja "si mbaya" yake. Malachy hakuisema. Alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaubana, akainamisha kichwa.

"Pole kwa msiba, Dympna," alisema.

Sasa, pale Drumkeel mkono wa namna ile na maneno yale yana mahali pamoja tu pa kusemwa. Ni matangani, maiti ikiwa chumbani, mtu akipita mbele ya wafiwa mmoja baada ya mwingine. Hujaliona jeneza, husemi. Watu wale wanakwenda matanga mengi kuliko harusi, na mikono yao imezoea kazi hiyo hata akili ikiwa mbali. Tangu Fintan aondoke hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia Mgormley maneno yale, kwa kuwa Fintan yuko Uingereza.

Malachy aliinua uso. Akaona uso wa Dympna. Akauachia mkono wake kama aliyeshika sufuria ya moto, akatoka, na viti vyote akaviacha vimetawanyika ukumbini.

"Kapatwa na nini huyu?" Mervyn akauliza.

"Amenipa pole ya msiba."

Mervyn aliweka nyaya chini. Hakutania. "Labda filamu imemgusa tu," akasema, lakini hakumwangalia machoni.

"Labda," alisema Dympna. Wakapanga viti wao wawili. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, husema watu. Miaka yote ile alikuwa akiwatafuta wenye shingo za fahali.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Malachy. Njiani alisimama mara kadhaa akitaka kurudi. Hakumwambia mtu anakokwenda, na alipofika langoni ndipo alipotambua ujinga wake. Malachy alifungua mlango hajanyoa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akampisha. Dympna akaingia jikoni, na nyuma yake akasikia ufunguo ukigeuka. Kisha Malachy akaenda akavuta pazia. Mezani palikuwa na mkate na kisu chake. Alijiona tayari yuko kinamasini kando ya kaka yake, na watu wakimuuliza mama yake, "Dympna hajaandika bado?"

Malachy aliketi, akafunika uso kwa mikono, akaanza kulia. Alikuwa amefunga mlango asionekane na majirani.

"Sitaki jina la mtu," Dympna alisema, sauti haikuwa yake. "Malachy, sikiliza. Sitaki jina. Nataka mahali."

"Mimi nilikuwa dereva tu."

"Haya."

"Waliniambia wanakwenda kumtia adabu. Nilikaa ndani ya gari, injini inawaka. Nikasikia." Alijipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Halafu wakaniita nisaidie kubeba. Nilishika miguu. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka nikamvisha, sijui kwa nini nilimvisha."

Dympna alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alitaka kumpiga kwa kikaango kilichokuwa jikoni. Alitaka pia Malachy asinyamaze.

"Nilikwenda kwa padre," Malachy akaendelea. "Wiki ile ile. Akanipa sala za kusali, nikazisali zote, nikadhani yameisha. Sikujua kwamba padre anaweza kukwambia mwendee mama yake. Hakuniambia hivyo! Jana ndiyo mara ya kwanza kulisikia."

"Na mimi ulinisaidia kupanga viti."

"Ndicho nilichoweza."

"Wapi, Malachy?"

Akamwambia. Ng'ambo ya mpaka, ukipita msitu wa serikali, pana ukuta wa mawe unaopinda, na ndani yake mti wa miiba uliosimama peke yake. Watu wa kule mti wa namna hiyo hawaukati, wala hawachimbi karibu nao, wakiogopa mikosi ya viumbe wasioonekana wanaoumiliki. Walimzika pale makusudi, kwa kujua hakuna mkulima atakayegusa.

"Wakijua ni mimi niliyesema, Dympna, nitachomewa ndani humu. Wapo bado. Si Pius, Pius ni mdomo tu. Wengine. Unawauzia dawa."

"Sitakutaja."

"Hata kwa mama yako."

"Hata kwa mama." Akaapa kwa kaburi ambalo kaka yake hajalipata. Malachy akafungua mlango, na Dympna akatembea hadi kona ya barabara kabla ya kutapika.

Aliipigia tume simu yeye mwenyewe, akasema ameambiwa na mtu asiyemjua. Mashine za kuchimba zilikuja na mvua. Wiki zikapita hawaoni kitu, na Dympna akawa na hofu mpya, kwamba Malachy amemdanganya, au kwamba mti umekufa na mwingine umeota. Usiku aliota kiatu. Mjini watu walinong'ona: nani kasema? Dukani waliingia kununua dawa za kikohozi wasichokohoa, wakimchungulia usoni. Alijifunza kuangalia mashine ya pesa. Malachy aliendelea kuja ukumbini, akapanga viti, akasema "si mbaya," na wote wawili hawakutazamana.

Walimpata kabla ya Pasaka. Viatu vyote viwili vilikuwa miguuni.

Bridie aliambiwa akiwa kitandani. Akaomba avishwe nguo nzuri. "Ni nani aliyesema?" akauliza.

"Haijulikani, mama. Mtu alipiga simu."

"Basi Mungu ambariki mtu huyo," alisema Bridie. Na Dympna akaenda jikoni akafungulia maji ya bomba yatiririke, asisikike.

Matanga yalikuwa makubwa hata magari yaliziba barabara. Waprotestanti walikuja na sandwichi. Mervyn, ambaye baba yake hakuwahi kukanyaga kanisa la Kikatoliki hata kwa mazishi ya jirani, alikuja na suti na kusema ataingia ndani mpaka mbele, na atakayeona vibaya aone. Asubuhi ya mazishi jeneza lilitolewa nje. Kule hubebwa mabegani na majirani kwa zamu, wawili wawili, na kila wawili hupitishiana mkono begani chini ya jeneza, wakikumbatiana ili lisiyumbe. Bridie alisimama na fimbo yake akapanga wabebaji mwenyewe.

"Malachy!" akaita. "Malachy Trainor, unajificha nini huko nyuma? Njoo. Hakuna aliyetufaa kama wewe. Kamata mbele, kwenye kichwa. Na wewe Dympna, uwe mwenzake."

Malachy alikuja akiwa mweupe kama karatasi. Alimtazama Dympna. Ukutani walikuwepo wanaume wenye mikono mifukoni, na Dympna alizijua dawa zao wote, nao walikuwa wakiangalia. Akikataa wataona. Kule mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Neno moja, kusitasita tu mbele ya mama yake, na Malachy amekwisha. Na mama mwingine mahali fulani, anayengoja simu kama ile, hatapigiwa na mtu yeyote, maana kila anayejua ataogopa.

Alimchukia. Nalisema wazi, alimchukia pale pale kuliko siku zote, na alimwogopea vile vile. Akaingiza bega chini ya jeneza, akapitisha mkono wake mgongoni mwa Malachy, akamshika. Mkono wa Malachy ukaja ukamshika yeye. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na Dympna akambana zaidi ili watu wasione.

Jeneza lilikuwa jepesi mno. Nyuma yao Bridie alikuwa amemwegemea Mervyn, akizungumza kwa sauti kubwa ya viziwi.

"Mtu mwema yule," alikuwa akisema. "Mtu mwema kabisa. Si kweli, Dympna?"

"Kweli, mama," Dympna alisema.